Jinsi ya kutafsiri Catch-22 kwenye kibanda umiza bila kuiharibu

Filamu ya kivita ya kawaida haimtesi mtafsiri wa kibanda umiza, yule anayeisimulia kwa maiki watu wakitazama. Komando anateremka na kamba, adui anapiga kelele, wewe unapiga kelele kuwazidi wote wawili, benchi la mbele linafurahi na kiingilio kinalipika. Watu ninaowatafsiria hapa Majengo, Dodoma, wamekulia humo. Kizazi changu kimelelewa na mikanda ya VHS ya Lufufu, ambapo mtafsiri alikuwa staa kumzidi staa mwenyewe. Ukiingia kwenye Catch-22, filamu ya kejeli za vita, na mtindo huo utaiua ndani ya robo saa. Watu watacheka, lakini watakuwa wanacheka vichekesho vyako. Ikifika sehemu ya kuumia, midomo imeshazoea, wataendelea kucheka.

Namwandikia mtafsiri mwenzangu mwenye kibanda, au mwalimu mwenye projekta na klabu ya wanachuo, anayetaka kuionyesha filamu hii kwa watu ambao Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Sharti kubwa nalitanguliza: mtafsiri asicheke. Asicheke hata pale anapobanwa mbavu. Mengine yote humu yanatokana na hilo.

Ijue kabla ya kushika maiki

Filamu ilitoka mwaka 1970. Mwongozaji ni Mike Nichols. Aliyeandika skripti ni Buck Henry, ambaye humo humo anaigiza Luteni Kanali Korn, na Yossarian, askari wa ndege ambaye hadithi inamfuata, ni Alan Arkin. Imetokana na riwaya ya Joseph Heller iliyochapishwa 1961, riwaya ambayo wasomaji wake wanaipenda kwa wivu, na hao nitawarudia. Heller vita hakusimuliwa. Alikuwa mlenga mabomu kwenye ndege za B-25 wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiruka kutoka kisiwa cha Corsica, na alimaliza safari 60. Hilo litangaze kabla taa hazijazimwa, maana hakosi mtu wa kusimama katikati na kusema mwandishi huyu ni mwoga aliyekaa kwao akawacheka wapiganaji.

Kisiwa cha hadithi kinaitwa Pianosa. Kipo kweli, upande wa Elba huko Italia, ila ni kidogo mno, na Heller mwenyewe anatahadharisha mwanzoni mwa kitabu kwamba mambo yote hayo yasingeenea pale. Picha zilipigwa Mexico, karibu na Guaymas, ambako walitengeneza uwanja wa ndege na kukusanya B-25 zinazoruka kweli. Vumbi unaloliona injini zikiwashwa ni vumbi halisi, na mtu wa Dodoma analitambua haraka. Kuna kijana aliniuliza kama pale si upande wa Bahi. Nikamjibu ni Italia, tena kwa sauti ya kutangaza. Italia ibaki Italia mpaka mwisho. Ukishaanza kumwita Yossarian Juma na kisiwa ukakihamishia Kongwa, umewanyang'anya watazamaji kazi tamu kuliko zote, ya kugundua wenyewe kwamba mambo haya wanayajua.

Kitabu ni kinene na kinarukaruka mbele na nyuma. Ukikosa muda wa kukimaliza, soma sura za Daktari Daneeka, za Milo, usiku wa Roma, na ile ya Snowden. Halafu itazame filamu peke yako na daftari. Kila ukurasa upige mstari katikati. Kushoto andika kinachoonekana, kulia andika kile watazamaji hawatakiwi kukijua bado. Upande wa kulia ndio kazi yenyewe. Filamu inaanza karibu na mwisho wa hadithi, inarudi nyuma, inarudi tena, na kuna tukio moja ndani ya ndege linalojirudia kwa vipande, kila kipande kirefu kuliko kilichopita. Mtafsiri anayeropoka cha mwisho mwanzoni ameshaikata filamu kichwa.

Vyeo na majina

Hapa usipoteze muda. Jina liache lilivyo, tanguliza cheo cha jeshi letu: Kapteni Yossarian, Kanali Cathcart, Luteni Kanali Korn, Jenerali Dreedle, Luteni Milo. Mtu akishasikia "kanali" anajua nani anampigia nani saluti, na nusu ya filamu imeeleweka. Kwa Meja Major bahati imetuangukia, maana jina la ukoo na cheo vinagongana hata kwa Kiswahili. Mtamke hivyo hivyo, "Meja Major", pita, usigeuke kuona nani kacheka.

Sauti ya ofisi

Kila mtafsiri ana sauti zake: ya jambazi, ya msichana, ya mzee wa Kichina. Kwa filamu hii tengeneza sauti mpya, ya mtu aliye nyuma ya dirisha la ofisi saa nne asubuhi, chai imeshafika, foleni ni ndefu, na yeye hana haraka. Hana hasira wala dharau. Anasoma utaratibu. Sauti hiyo mpe daktari, wape makanali, mpe karani wa Meja Major, na wewe msimuliaji uitumie pia. Dodoma ni mji wa ofisi. Nusu ya walioko kwenye mabenchi walikuja mjini hapa kufuata karatasi, na nusu nyingine wanawabeba kwa bodaboda wale wanaofuata karatasi. Huna haja ya kuwafundisha sauti hiyo inamaanisha nini.

Sasa kanuni yenyewe, ile iliyoipa filamu jina. Yossarian hataki kuruka tena. Anamwendea daktari wa kikosi, Daneeka, anayeigizwa na Jack Gilford, na kuuliza juu ya wenzake waliochanganyikiwa. Daktari anakubali kwamba wamechanganyikiwa. Anakubali pia kwamba mwenye kichaa anatakiwa azuiwe asiruke. Basi? Mazungumzo ni ya haraka, mtu na mwenzake wanadakana maneno, na mtafsiri akitaka kufuata kila sentensi atabaki nyuma kama... hapana, atabaki nyuma tu. Mimi naacha waongee, kisha kwenye mwanya nasoma tangazo moja, polepole:

"Kwa mujibu wa utaratibu, mgonjwa wa akili haruhusiwi kuruka. Anachotakiwa ni kuleta maombi mwenyewe. Akishaleta maombi, itakuwa imethibitika kwamba anaogopa kufa. Anayeogopa kufa ana akili timamu. Mwenye akili timamu ataendelea na kazi. Anayefuata."

Ukishasema "anayefuata", funga mdomo. Kuna sekunde mbili tatu watu wanazunguka ndani ya maneno wakitafuta mlango, na hizo sekunde si zako. Mtafsiri mwenye haraka atadakia, "Yaani jamani, akiomba anakosa, asipoomba anakosa!" Ameshaua. Jioni moja, katika kimya hicho, mama anayeuza karanga mlangoni kwangu, ambaye kutoka pale alipokaa hata skrini haioni vizuri, aliitikia kwa sauti ileile ya ofisi: "Na alete picha mbili za pasipoti." Kibanda kizima kilivunjika mbavu. Mimi nisingeweza kuandika sentensi hiyo, na hata ningeweza, ingekuwa yangu. Ilipotoka mlangoni ikawa yao, na kuanzia hapo Yossarian alikuwa mtu wa foleni yao.

Mfano wa karibu na mambo haya tunao. Mtani akija msibani anaweza kudai ada, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akasema marehemu alikuwa mchoyo na sasa ameona faida yake. Anayasema kwa uso mkavu. Akicheka yeye, imekuwa matusi, na wafiwa watamtoa nje.

Kwa Meja Major, aliyeigizwa na Bob Newhart, mambo ni mepesi zaidi. Huyu hataki kuonana na mtu. Ametoa agizo kwamba akiwa ofisini hakuna kuingia, na akishatoka, mwenye shida aingie. Karani anauliza, bosi anajibu, kwa utulivu mkubwa, mpaka karani anaelewa. Nasoma hivi: "Meja yupo?" "Yupo." "Naweza kumwona?" "Subiri atoke, ndipo uingie." Hapo hata mtoto wa darasa la nne angeelewa, ingawa mtoto hatakiwi kuwamo, kama nitakavyoeleza.

Idadi ya safari nayo itangaze kwa sauti hiyohiyo. Kanali Cathcart, yaani Martin Balsam, kila vijana wakikaribia kumaliza idadi ya kwenda nyumbani, anaipandisha. Inapanda mpaka 80. Usisikitike nao. Soma namba mpya kama tangazo la bodi ya mtihani, kavu, halafu liache benchi la nyuma ligune.

Mayai ya Milo

Luteni Milo Minderbinder, ambaye ni Jon Voight akiwa bado kijana, ni ofisa wa jiko. Anaanza na mayai na kuishia na kampuni inayofanya biashara na kila upande wa vita, pamoja na Wajerumani. Wafanyabiashara wa soko la Majengo wanampenda kuliko mtu yeyote humo ndani, na ndiyo hatari yake.

Hesabu ya mayai kitabuni ni hii. Milo ananunua mayai Malta kwa senti 7 na kuyauza jikoni kwa senti 5, na anapata faida. Watazamaji wataguna kwamba mzungu kachemka. Jiandae kabla, maana filamu haitakusubiri. Yale mayai ya Malta muuzaji wake ni Milo mwenyewe. Aliyanunua Sicily kwa senti 1, akawauzia watu wa Malta kwa senti 4 na robo, wao wakamrudishia kwa senti 7. Kwenye kuuza Malta amepata senti 3 na robo. Kwenye kuuza jikoni amepoteza senti 2. Inabaki senti 1 na robo kwa kila yai, na wenzake wanamwona msamaria anayewauzia kwa hasara. Mimi hesabu hii naiandika kwa chaki kwenye ubao wa ratiba, pale mlangoni, kabla ya watu kuingia. Dalali yeyote akiisoma anatabasamu. Usigeuze senti kuwa shilingi, watu wataanza kubishana juu ya bei ya trei na tukio litapita.

Kampuni ya Milo iite "ushirika", na faida iite "hisa". Kila mtu ana hisa, anasema Milo, kwa hiyo lililo jema kwa ushirika ni jema kwa wote. Miamvuli ya ndege inatoweka kwa sababu hariri yake imeuzwa, lakini usiwe na wasiwasi, una hisa. Ananunua pamba ya Misri yote, inamdodea, anaipaka chokoleti na kutaka watu waile. Pamba ya chokoleti inaleta kicheko kikubwa, na mimi nakiacha kiende kitakavyo, kwa sababu baada yake Milo anapanga ndege za kikosi chake zilipue kambi ya kikosi chake, usiku, kwa mkataba na Wajerumani. Amesimama juu anaongoza, moto unawaka, na wanaokufa wana hisa. Hapo soma tu: "Mkataba umetekelezwa." Wanaompenda Milo watajinyamazia wenyewe. Mara nyingi wananyamaza mmojammoja, unasikia kabisa kicheko kinavyopungua kutoka mbele kwenda nyuma.

Hapo ndipo pa kukatia kwa mapumziko, kama kibanda chako kina mapumziko. Filamu nzima ni saa mbili na dakika chache.

Kunyamaza

Sehemu hii ndiyo inayotutenga watafsiri wa filamu hii na wengine, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Filamu haina muziki wa kukuongoza. Ukiacha kipande kimoja maarufu kinacholia msichana anapopita na kumtoa Yossarian macho, sehemu zilizobaki utasikia upepo, injini na watu. Inaanza na giza, kisha alfajiri, mbwa wanabweka kwa mbali, ndege wa mwituni, majina ya waigizaji yanapita. Hakuna kitu kingine. Kwenye kibanda umiza hiyo ina tafsiri moja tu: spika imekufa. Watu watapiga kelele "Sauti! Sauti!", mmoja atainuka kuja kugusa waya, na utakuwa umepoteza mwanzo. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, tangaza: "Spika ni nzima. Filamu hii inaanza kwa kimya, msiniguse waya." Rudia. Kisha acha mbwa wabweke.

Halafu injini zinawaka, ndege moja baada ya nyingine, na Yossarian anaonekana ndani ya jengo lililobomoka akiongea na Cathcart na Korn. Midomo inacheza, maneno hayasikiki, kelele za ndege zimeyafunika. Nichols amefanya kusudi. Wewe uliyekwisha kuiona unajua wanakubaliana nini, na ulimi utakuwasha. Ni siri ya upande wa kulia wa daftari. Sema, "Wanaongea, ila ndege zinatunyima." Basi. Mwishoni utarudishwa palepale, safari hii maneno yakisikika, na ndipo utawasomea makanali wanavyotaka wapendwe, wasifiwe, wasemwe vizuri huko nyumbani, na yeye aende zake huku wenzake wakiendelea kuruka. Yule anayemchoma Yossarian kisu muda mfupi baadaye naye mwite "mtu mwenye nguo za jeshi". Kiswahili kimetupa "mtu", hakijamtaja mwanamume wala mwanamke. Kitumie.

Mfano mwingine: kuna gwaride la medali ambalo Yossarian anajitokeza akiwa uchi wa mnyama, na Jenerali Dreedle, yaani Orson Welles na tumbo lake, anamvisha nishani hivyo hivyo. Kibanda kinalipuka. Watu watauliza, mbona uchi? Jibu liko ndani ya ndege, katika kile kipande kinachorudiwarudiwa, na bado halijafika. Jibu lako liwe: "Hajasema." Hata akikuuliza mwenye kibanda.

Sasa Snowden. Ni kijana wa nyuma ya ndege. Mara ya kwanza unasikia sauti kwenye vifaa vya masikioni, mmoja anasema msaidie, mwingine anauliza nimsaidie nani. Toa sauti mbili, usizichanganye. Yossarian anatambaa kwenda nyuma, anamkuta kijana amelala, ana jeraha. Kinakatika. Kinarudi baadaye, kinakatika. Kila kikirudi, wewe punguza. Mara ya pili maneno machache. Mara ya mwisho, Yossarian amefunga jeraha la pajani vizuri, ameridhika, halafu anagundua kuna jingine ndani ya koti la kuzuia vyuma, na analifungua.

Kijana hana anachosema zaidi ya kwamba anasikia baridi. Sema "Nasikia baridi" mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, ile unayoongea nayo na mkeo. Usimwigize. Kisha zima maiki, na nasema izime kwa swichi, maana maiki za bei yetu zikiachwa wazi zinapuliza, na mpulizo huo utasikika kuliko chochote. Ukiwa na msaidizi, mwambie asiuze soda dakika hizo. Hakosi mmoja wa kucheka, hasa kijana aliyekaa na wenzake. Usimkemee. Sauti yake mwenyewe itamshtua.

Usiku wa Roma ufuate kwa utaratibu huohuo. Yossarian anatembea mitaani na kila kona ina unyama wake, kisha anafika chumbani na kumkuta Aarfy, mwenzake wa kikosini, aliyemuua msichana na kumtupa dirishani, akiwa ametulia na kiko chake. Polisi wa jeshi wanapanda ngazi kwa kishindo. Watazamaji wanangoja Aarfy afungwe pingu. Wanamkamata Yossarian, kwa kukosa kibali cha kuwa mjini. Rudi kwenye sauti ya ofisi kwa sentensi moja, "Kibali chako kiko wapi?", na hapa hakuna atakayecheka, ingawa ni sauti ileile iliyowachekesha kwa daktari. Mtafsiri aliyekuwa akichekacheka tangu mwanzo hawezi kuifikia sehemu hii, hana sauti ya kuisemea.

Wazee wa Kagera

Dodoma kuna wazee waliokwenda vitani mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, na wengine walifika Kampala Aprili 1979. Wakija, wape viti vyenye mgongo, salimia kabla hujaanza, na uwaambie mapema kwamba filamu hii ni ya kejeli na ina askari asiyetaka kupigana. Mzee asikutwe na hilo gizani.

Kwangu yupo mmoja, huja na kofia yake na fimbo. Aliikunjia uso filamu tangu mwanzo. Wakati wa mapumziko akasema, "Sisi tulikuwa tunatetea nchi. Huyu anakimbia." Kijana wa bodaboda akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Huyu aliambiwa idadi, akaifikisha, wakaongeza. Akaifikisha tena, wakaongeza." Mzee akafikiri. "Kuongeza, hapo si haki," akasema, na baada ya kitambo, "Na yule wa mayai namjua. Kila kikosi kinaye." Hakutaja jina na hakuna aliyemuuliza. Ushauri wangu: mazungumzo ya namna hiyo yakianza, weka maiki chini na uongeze dakika za mapumziko. Usiamue nani kasema kweli. Ukibanwa sana, sema kwamba kwenye hadithi hii hakuna anayemtetea Hitler, na kwamba kwa Yossarian adui ni yeyote atakayesababisha afe, awe upande wa pili au awe kanali wake.

Mambo ya kibanda

Watoto nje. Filamu ina uchi, madanguro na utumbo wa binadamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ndiyo inayosimamia kazi yetu, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kutoa vibali, kwa hiyo panga karatasi zako kabla ya kubandika tangazo. Tumia nakala halali, na kama unatoza kiingilio ulizia habari za hakimiliki.

Epuka Juni na Julai ukiweza. Upepo wa Dodoma miezi hiyo unagonga bati usiku kucha, na filamu yenye kimya kirefu haitaki bati. Jenereta liende mbali, nyuma ya ukuta, waya mrefu si gharama. Viti vya nyuma vipandishe kwa matofali, kwa sababu Nichols anapiga picha ndefu kutoka mbali, mtu mdogo huko mwisho wa uwanja wa ndege, na aliyekaa nyuma ya kichwa cha mwenzake ataona nywele tu. Juisi ya ubuyu inauzika vizuri kuliko soda kwenye filamu ndefu. Sijui kwa nini, lakini inauzika.

Watakaosema kitabuni si hivyo

Ukionyesha karibu na vyuo utawapata. Wana haki. Riwaya ina watu wengi ambao Buck Henry aliwaacha, na filamu haikupokewa kwa shangwe iliyotarajiwa. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, ilikuwa imetoka M*A*S*H ya Robert Altman, nayo ya kejeli za vita na nayo ya kutoka kwenye riwaya, ikawachangamsha watu zaidi. M*A*S*H ni rahisi kuitafsiri. Madaktari wake wanacheka wenyewe, unaweza kucheka nao. Kama kibanda chako hakijawahi kuonja kejeli kabisa, unaweza kuanza nayo, ila mimi nisingeanza nayo. Itawazoesha vibaya.

Msomaji wa kitabu mpe kazi badala ya kubishana naye. Mwite mbele wakati wa mapumziko, asimulie kitu kimoja ambacho kitabu kinakieleza kwa kirefu. Daktari Daneeka anayehesabiwa kuwa amekufa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya abiria wa ndege iliyoanguka, ilhali yeye amesimama pale pale anapinga, na karatasi inamshinda: hiyo ikisimuliwa na mtu aliyeipenda, Dodoma inaisikiliza vizuri kuliko filamu.

Mwishoni watauliza kama Yossarian alifika Sweden, anakokimbilia kuepa vita. Filamu inamwacha baharini kwenye kiboti cha njano, anapiga kasia, kamera inapanda juu na bahari inazidi kuwa kubwa. Orr mwenzake alikuwa ametangulia, na habari zimekuja kwamba amefika. Waambie hivyo tu, na washa taa haraka, kwa sababu bila taa watakaa kungoja sehemu ya pili.

Ya pili ipo, ya namna yake. Mwaka 2019 riwaya ilitengenezwa upya kuwa tamthilia ya vipande sita, Yossarian akiwa Christopher Abbott, na George Clooney akiwa mmoja wa waongozaji. Clooney anaigiza humo Scheisskopf, ofisa mwenye wazimu wa magwaride, ambaye filamu ya 1970 ilimwacha kabisa. Gawa vipande viwili viwili kwa jioni tatu, kiingilio kilekile. Kule matukio yanakwenda kwa mpangilio wa siku, upande wa kulia wa daftari utabaki karibu mtupu. Vijana waliopita JKT Makutupora wapangie nyuma. Scheisskopf akianza gwaride lake watamrekebisha mguu kwa sauti kubwa, na hakuna maiki ya kuwashinda.